Ng'amba Tuliyemrudisha Baharini

Januari mwaka jana, asubuhi baada ya usiku wa upepo mkali, watatu kati yetu tulikuwa tunatembea ufukweni Jumeirah tukamkuta kobe mdogo, hazidi sahani ya chai. Alikuwa hai lakini hakujitingisha, na mgongo wake ulijaa vigamba vigumu kama vile vinavyoganda chini ya jahazi. Tulimhurumia. Tukamwosha mchanga, tukaingia majini hadi magotini, tukamwachia. Tulirudi nyumbani tukijipongeza.

Jioni mmoja wetu alimpigia simu bibi yake Lamu kumsimulia. Bibi alianza na lugha: "Kobe ni wa nchi kavu, mjukuu wangu. Huyo ni kasa. Na kama mdomo wake umechongoka kama wa ndege, ni ng'amba." Kisha akauliza, "Aliogelea?"

Hatukuwa na jibu. Swali hilo ndilo lililoipeleka klabu yetu Jumeirah Al Naseem, penye ziwa la maji ya bahari ambamo kasa wanaopona huogelea kabla ya kuachiwa. Mradi wa kuwatunza kasa wa Dubai ulianza mwaka 2004, na tangu hapo umerudisha baharini kasa zaidi ya 2,000. Wengi wao ni ng'amba wachanga, jamii iliyo katika hatari kubwa ya kutoweka duniani.

Kumbe kinachowaangusha ni baridi. Joto la mwili wa kasa hufuata joto la maji. Maji ya Ghuba yanapopoa kati ya Disemba na Februari, wadogo hulegea, huacha kula, huelea tu. Anayeelea huotwa na vigamba, vigamba humwongezea uzito, naye huzidi kudhoofika mpaka mawimbi yanamtupa pwani.

Matunzo huanza kwenye matangi. Mgonjwa huwekwa katika maji yasiyo na chumvi ili vigamba vife. Hupewa joto, dawa ikihitajika, na chakula kidogo kidogo, samaki au ngisi. Akipata nguvu ndipo huhamishiwa ziwani, na bahari yenyewe husubiri maji yapate joto.

Basi wetu hakuwa na nguvu hata ya kuzamia, nasi tulimrudisha kwenye baridi ile ile iliyomwangusha. Tulisimama kando ya ziwa kimya.

Mwenzetu mmoja aliuliza kama gharama zote hizi zina maana, kwani inakadiriwa kuwa katika vifaranga elfu hukua mmoja tu. Tulibishana njia nzima ndani ya basi. Wengine walimkumbuka Dibba, kasa aliyeletwa na jeraha la kichwa, akatibiwa, akafungwa kifaa cha setilaiti, akasafiri zaidi ya kilomita 8,000 kuelekea Thailand. Wengine walisema sisi watu wa pwani tuna deni. Magamba ya ng'amba yaliuzwa kutoka pwani yetu tangu karibu miaka 2,000 iliyopita, na wazee wetu waliwakamata kasa kwa kumfunga kamba samaki aitwaye chazo, amgandie kasa mgongoni. Leo huko Watamu wavuvi wanaomkuta kasa wavuni hupiga simu aje kuchukuliwa, aachiwe au atibiwe.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mkimkuta kasa mdogo ufukweni majira ya baridi, msimrudishe majini. Mwekeni kwenye boksi lisilo na maji, mbali na upepo, muwapigie simu watu wa mradi.

Bibi alipotuuliza tena habari za ng'amba wetu, tulimweleza ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hamkujua. Sasa mnajua." Tangu Disemba tunatembea ufukweni kwa zamu kila Jumamosi alfajiri, na boksi tunalo. Anayetaka zamu ajiandikishe kwa katibu.