Kujifunza Kusali Ukubwani: Imani ya Mtu Aliyelelewa Bila Dini

Utangulizi

Wahenga walisema, "Samaki mkunje angali mbichi," nasi katika Kanisa tumeupenda sana usemi huu. Twautumia kutetea Shule ya Jumapili, mafundisho ya Kipaimara na ibada ya nyumbani, wala hakuna mwenye hekima atakayetupinga. Lakini usemi huo waacha swali moja bila jibu: afanyeje yule aliyekwisha kukauka? Yupo mtu aliyekua katika nyumba isiyokuwa na sala mezani wala Biblia kabatini, akafika utu uzima bila kumsikia mzazi wake akilitaja jina la Mungu ila kwa mazoea ya lugha tu, kisha akavutwa na Injili. Imani ya mtu huyo huanzia wapi, nayo hukuaje?

Swali hili si la nchi za mbali peke yake. Hata katika sharika zetu wapo waliobatizwa wakiwa wachanga, lakini nyumbani hawakufundishwa sala hata moja. Hata hivyo tumeona vema kulitazama mahali linapoonekana waziwazi zaidi, yaani mashariki ya Ujerumani, ambako ndiko Luther alikozaliwa na kufundisha. Katika makala hii twataka kuonyesha kwamba mtu wa namna hiyo mara nyingi hasubiri kuamini kikamilifu ndipo asali. Hukua katika imani kwa kusali, naye hujifunza kusali kwa maneno anayoazimwa na Kanisa.

1. Nyumba zilizosahau

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, ambayo wengi wetu tuliizoea kuiita Ujerumani ya Mashariki, ilianzishwa mwaka 1949 na kukoma mwaka 1990. Mwaka 1950 watu takriban wanane kati ya kumi walikuwa washirika wa makanisa ya Kiinjili. Ilipofika mwaka 1989 walikuwa wamebaki takriban robo. Kwa muda wa miaka arobaini tu, nchi ya Wittenberg na Eisleben ikawa miongoni mwa sehemu za dunia zenye watu wengi zaidi wasio na dini.

Sababu zake zilikuwa nyingi. Mafundisho ya dini yaliondolewa katika shule za serikali. Kuanzia mwaka 1955 chama tawala kilieneza sherehe iliyoitwa Jugendweihe, ambapo vijana wa umri wa miaka kumi na minne hivi waliahidi uaminifu kwa dola ya kijamaa. Sherehe hiyo ilishika mahali pa Kipaimara. Kijana aliyeikataa aliweza kufungiwa mlango wa elimu ya juu, na mzazi aliyeonekana kanisani aliweza kukwama kazini. Tusisahau pia kwamba mmomonyoko ulianza zamani. Tangu karne ya 19 wafanyakazi wengi wa viwandani walikwisha kuliona Kanisa kuwa ni la matajiri na wakubwa, na utawala wa Hitler nao uliwaondoa wengine.

Jambo la kuangalia hapa ni vizazi. Babu alilikataa Kanisa akijua analolikataa. Baba alilikuta limekwisha kukataliwa. Mjukuu hakukataa neno, kwa sababu hakupewa cha kukataa. Ndiyo maana husemwa juu ya watu hao kwamba wamesahau hata ya kuwa wamemsahau Mungu. Ukimwendea mjukuu huyo na hoja za kuwashinda wapinga-Mungu, wampiga adui asiyekuwapo. Yeye hana ugomvi na Mungu, bali hana lugha ya kusema naye.

2. Mlango uliokuwa wazi

Katika kanisa la Mtakatifu Nikolao mjini Leipzig, sala za kuombea amani zilianza mwaka 1982, zikafanyika kila Jumatatu saa 11 jioni. Mchungaji wa kanisa hilo, Christian Führer, aliyefariki mwaka 2014, alisisitiza kwamba mlango uwe wazi kwa wote. Wakaja washirika, wakaja pia vijana wasiobatizwa na watu waliotaka kuihama nchi. Zipo Jumatatu ambazo waliohudhuria walihesabika kwa vidole, lakini sala haikukatizwa.

Tarehe 9 Oktoba 1989 chama tawala kilituma mamia ya wanachama wake wakae kanisani ili kujaza viti. Watu hao, ambao wengi wao hawakuwa na desturi ya kuingia kanisani, wakakaa na kusikiliza ibada yote. Nje walikusanyika watu wapatao 70,000 wakiwa na mishumaa, wakaandamana, wala haikupigwa risasi hata moja. Mchungaji Führer alizoea kueleza kwamba mshumaa huhitaji mikono miwili, mmoja wa kuushika na mmoja wa kuukinga na upepo. Aliyeushika hana mkono wa kushikia jiwe.

Tusitie chumvi katika habari hii. Baada ya mwaka 1990 umati haukurudi makanisani, na hata leo Wakristo wa sehemu hiyo ni chini ya mmoja kati ya wanne. Lakini Leipzig yatufundisha jambo moja la kichungaji: wasio na dini hawakutakiwa kwanza kukiri kitu ndipo waruhusiwe kusali. Waliingia, wakasimama katikati ya watu wanaosali, wakasikia maneno. Wengine wao walibaki na maneno hayo, ingawa umati ulikwenda zake.

3. Maneno ya kuazima

Mtoto hujifunza lugha kwa kusemeshwa. Mama husema naye kabla hajaweza kujibu, naye huanza kwa kuyarudia maneno ya mama. Dietrich Bonhoeffer alilitumia wazo hili katika kitabu chake kidogo juu ya Zaburi, kilichotoka mwaka 1940. Alieleza kwamba twajifunza kusema na Mungu kwa sababu Yeye amesema nasi kwanza, na kwamba Zaburi ni maneno ambayo Kristo mwenyewe aliyasali na kutushirikisha.

Bonhoeffer alijua alilokuwa akilisema. Alizaliwa mwaka 1906. Baba yake alikuwa profesa wa magonjwa ya akili, na ingawa mama aliwafundisha watoto nyimbo na sala, jamaa hiyo haikuwa na desturi ya kwenda kanisani. Kijana akasoma teolojia, akapata shahada ya udaktari mwaka 1927 akiwa na miaka 21, akafundisha na kuhubiri. Lakini katika barua ya mwaka 1936 aliungama kwamba katika miaka hiyo alikuwa amehubiri mara nyingi bila kuwa bado Mkristo, na ya kuwa alikuwa hasali, au alisali kidogo mno. Ni Biblia, hasa Mahubiri ya Mlimani, iliyomgeuza. Basi alipoongoza chuo cha wachungaji huko Finkenwalde, kuanzia mwaka 1935 hadi kilipofungwa na polisi wa siri mwaka 1937, aliwataka wanafunzi watumie nusu saa kila asubuhi kutafakari kimya fungu moja la Maandiko kwa juma zima. Wapo walionung'unika kwamba hawakuzoea jambo hilo. Sisi tulio vyuoni tusiipite habari hii haraka. Mtu aweza kufaulu mitihani yote ya dogmatiki na huku angali mgeni mlangoni pa sala.

Mfano mwingine ni Simone Weil, mwanafalsafa Mfaransa, aliyezaliwa Paris mwaka 1909 katika nyumba ya Kiyahudi isiyofuata dini. Kwa maelezo yake mwenyewe, hakuwahi kusali hata mwaka 1941, alipoikariri Sala ya Bwana kwa Kiyunani. Tangu hapo aliisema kila asubuhi kwa uangalifu wote, na mawazo yake yalipotangatanga alianza tena. Hakuingia rasmi katika Kanisa hadi karibu na kifo chake mwaka 1943, na wanazuoni hubishana juu ya siku zake za mwisho. Lakini kwake pia mlango ulikuwa uleule: maneno aliyoyakuta tayari.

4. Kinyozi na mwalimu wake

Luther hakuwa na habari za nyumba zisizo na dini kama zile za leo, lakini alizijua nyumba zisizojua kusali. Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 ilizaliwa kutokana na ziara alizofanya sharikani, alipoona watu hawazijui hata Amri Kumi. Mwaka 1535 aliandika kijitabu kwa ajili ya kinyozi wake, Peter Beskendorf, aliyetaka kujua namna ya kusali. Luther hakumwambia atafute hisia kubwa. Alimwambia achukue Amri, Imani na Sala ya Bwana, na kila fungu alisokote kama taji la nyuzi nne: fundisho, shukrani, ungamo na ombi. Roho Mtakatifu akianza kumhubiri moyoni, basi maneno yale mengine ayaache, asikilize. Tena alimkumbusha kazi yake mwenyewe: kinyozi mwema huuangalia wembe na nywele, asije akamkata mtu. Naye asaliye aangalie vivyo hivyo.

Mwaka huohuo kinyozi huyo alimwua mkwewe kwa kisu mezani, akafukuzwa mjini. Hatulitaji jambo hili ili kumdharau, bali ili tukumbuke kwamba sala si hirizi. Asaliye angali mwenye dhambi ahitajiye neema kila siku, na hivyo ndivyo Luther alivyofundisha.

Mtu aliyelelewa bila dini hukwazwa zaidi na mambo mawili. La kwanza ni shaka: asemapo sala huona kwamba anasema na ukuta. Huyu aonyeshwe baba wa mtoto mgonjwa katika Marko 9:24, ambaye katika pumzi moja alikiri kuamini na kuomba asaidiwe kutokuamini kwake, naye Bwana hakumfukuza. Aonyeshwe pia Warumi 8:26, kwamba Roho huombea wasiojua kuomba ipasavyo. Katekisimo yenyewe, katika maelezo ya sehemu ya tatu ya Imani, yakiri kwamba hakuna awezaye kumwamini Kristo kwa akili au nguvu zake.

La pili ni wazazi. Mwongofu huogopa kwamba kila sala anayosali yawahukumu waliomlea. Hapa na tuseme wazi kwamba Amri ya Nne haikuwekewa sharti la dini ya mzazi. Mama aliyemfundisha mwanawe kusema kweli, na kumlisha, na kukesha naye katika homa, alikuwa mkono wa Mungu Muumbaji hata kama hakumjua. Kwa hiyo sala yake ya kwanza ya shukrani yaweza kuwa kwa ajili ya nyumba ileile isiyosali.

5. Wajibu wa Kanisa

Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wakawafundisha wazee wetu Sala ya Bwana neno kwa neno. Siku hizi wachungaji kutoka Tanzania hualikwa kuhudumu Ujerumani, nao hukutana na watu wasioijua sala hiyo. Deni la maneno larudi kwa aliyelikopesha. Lakini hatutaweza kuwaazima wengine tusichokitumia nyumbani.

Twapendekeza basi mambo matatu. Kwanza, katika darasa la ubatizo wa watu wazima, sala ifundishwe tangu siku ya kwanza kwa kusaliwa pamoja, isingojee mwisho wa mafundisho. Pili, kila mwanafunzi apewe msimamizi atakayesali naye kila juma, kwa sababu kumkariria mwalimu Katekisimo si sawa na kuisali pamoja na ndugu. Tatu, tusidai hisia wala ushuhuda wa ghafula. Haba na haba hujaza kibaba, na Zaburi moja kwa siku ni haba njema.

Hitimisho

Wanafunzi walipomwomba Bwana awafundishe kusali (Luka 11:1), walikuwa watu wazima, tena walilelewa katika sala za Israeli. Hata hivyo waliomba kufundishwa, naye hakuwaeleza nadharia. Aliwapa maneno. Aliyekuja ukubwani bila sala yoyote ya nyumbani hasimami basi nyuma ya wengine, bali asimama mahali waliposimama Mitume. Kazi yetu ni kumpa alichopewa Kanisa, kisha kusali pamoja naye mpaka maneno ya kuazima yawe yake.