Bildi ya Daktari

Nahodha aingiapo katika mlango wa mto Pangani hayaamini macho yake tu. Huamuru bildi itupwe, kina kipimwe. Kisha hutupwa tena na tena, maana kipimo kimoja hakimwonyeshi fungu lililo mbele yake.

Daktari naye ana bahari yake, ndiyo mwili wa mgonjwa. Itazame kwinini, ambayo mti wake ulipandwa Amani, katika milima ya Usambara, zamani za Wadachi. Ikiwa chache, malaria hushinda. Ikizidi, masikio huvuma, hata moyo waweza kudhurika. Basi daktari hupima damu. Lakini damu ya asubuhi haimwambii hali ya jioni, wala damu ya mkononi haimwambii hali ya ubongo.

Kwa nini? Kwa sababu ubongo una boma. Katika mwaka 1885 Paul Ehrlich, mtaalamu wa Ujerumani, alieleza jinsi alivyotia rangi katika damu ya wanyama: viungo vyao viligeuka rangi, ila ubongo haukugeuka. Kuta za mishipa midogo ya ubongo huchagua kiingiacho, na dawa nyingi huzuiliwa mlangoni. Hii ni hatari kwa mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo, ambaye dawa yake haina budi kupita.

Kwa hiyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, huko Marekani, wametengeneza bildi ya kukaa mwilini. Ni waya mwembamba wa dhahabu, wenye nyuzi ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Kila uzi umechaguliwa ushike dawa moja tu. Ukiishika hujikunja, na chembe ya rangi ya buluu iliyo nchani hukaribia dhahabu, umeme ukapita kwa wepesi. Dawa ikitoka, uzi hukunjuka. Basi umeme ukipimwa kila baada ya sekunde chache, kiasi cha dawa hujulikana papo hapo. Na rangi hiyo ni ile ile ambayo Ehrlich aliwapa wagonjwa wa malaria mwaka 1891!

Mwaka 2017 walitangaza kwamba wamepima dawa hivyo katika mishipa ya panya walio hai. Baadaye dawa ilipimwa hata katika ubongo wa panya. Lakini kazi haijaisha. Mwili hufunika kitu kigeni kwa utando, kipimo kikapungua nguvu. Nao ubongo ni laini, waya waweza kuujeruhi. Bildi hii haijawa ya matibabu ya kila siku.

Basi, mwanafunzi, upewapo dawa, shika saa na kiasi ulichoambiwa, wala usiache kwa kuwa umepata nafuu. Hata leo, saa yako na kijiko chako ndivyo bildi ya daktari.