Safari ndani ya seli, sehemu ya 2: Mlango usiofunguka pande mbili

Wiki iliyopita tuliishia ndani ya mitokondria, mahali ATP, molekuli ya nishati ya seli, inapotengenezwa. Msuli haujikunji bila ATP. Lakini ATP iko ndani, kazi iko nje, na katikati pana tando mbili. Inatokaje?

Tarehe 28 Septemba 2025, mbio za baiskeli za ubingwa wa dunia zilipopita Nyamirambo, nilisimama pembeni ya Mur de Kigali, kile kipande kikali cha barabara ya mawe. Siku hiyo waendeshaji walikuwa na kilomita 267.5. Walipanda midomo wazi, misuli ya mapaja ikitetemeka kila kanyagio liliposhuka. Karibu yangu msichana mdogo alikalia dumu la maji alilotumwa, amelisahau kabisa. Naye hupanda kilima hikihiki, lita 20 kichwani.

Misuli yao na yake yote huendeshwa na ATP. Lakini akiba ya ATP mwilini haifiki nusu kilo, ilhali kwa siku mtu hutumia kiasi kinachokaribia uzito wake mwenyewe. Hilo linawezekana kwa sababu molekuli ni zilezile, zinazunguka: ATP ikishatumika hubaki ADP, nayo hurudi ndani kuchajiwa upya.

Utando wa nje hauna shida, una matundu mapana ya protini iitwayo porini. Wa ndani ndio mgumu. Hata protoni haijipenyezi ovyo. Hapo anakaa mchukuzi wa ADP na ATP, protini ambayo mimi huistaajabia kuliko zote. Ni nguzo 6 zilizozunguka shimo, na shimo hilo hufunguka upande mmoja tu kwa wakati. ADP huingia kutoka nje, nyuma yake panafungwa, mbele panafunguka. Kisha ATP hukaa palepale na kutolewa. Milango yote miwili ingekuwa wazi pamoja, protoni zingevuja na umeme wa utando ungekwisha. Na umeme huohuo ndio unaoisukuma ATP nje, maana ina chaji hasi 4, ADP ina 3, na ndani ya mitokondria ni upande hasi.

Umbo la mchukuzi huyu akiwa wazi kwa nje lilichapishwa na watafiti wa Ufaransa mwaka 2003. Akiwa wazi kwa ndani, na wa Cambridge, 2019. Mara zote mbili ilibidi abanwe kwa sumu ili atulie. Ya 2019 ilikuwa asidi ya bongkreki, inayotolewa na bakteria Burkholderia gladioli.

Sumu hiyo naitaja kwa uchungu. Januari 2015, huko Chitima, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Uchunguzi uliikuta asidi hiyohiyo. Kuchemsha hakuiondoi, kwa hiyo wapishi wa ikigage, pombe ya mtama, nafaka au unga uliolowa na kuvunda mwageni. Mchukuzi akishabanwa, ATP haitoki na ADP hairudi, hata kama mgonjwa bado anapumua.

Wiki ijayo tutamfuata piruvati, ambaye protini za mlango wake zilitambuliwa mwaka 2012 tu.