Tufyeke Korongo Kabla ya Kiangazi

Sharika nyingi za mitelemko ya Kilimanjaro na Meru hutegemea maji ya kijito, na moto nao hupita humo humo. Korongo lililojaa mabingobingo makavu na vichaka vya lantana huvuta upepo kama dohani. Moto ulioanzia shambani hupanda hadi kwenye chanzo na kuyeyusha mabomba ya plastiki.

Kazi ifanyike Juni, masika yanapokwisha. Fyekeni nyasi, punguzeni matawi ya chini, zoeni magome ya mikaratusi. Mabingobingo mabichi wapewe ng'ombe. Lantana kamwe, ni sumu kwao. Mabaki msiyachome pale pale. Tumewahi kuona moto wa "usafi" ukiwashinda waliouwasha.

Ila msikate miti ya asili wala kung'oa visiki, kwani mizizi ndiyo inayoshika kingo. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni, hivyo kamati ianzie serikali ya kijiji.

Wafadhili hutuuliza mbona tunaomba fedha za kazi ile ile kila mwaka. Nyasi huota tena kila masika.