Boda Boda na Baiskeli ya Busia

Kampuni ya Ducati ya Bologna, Italia, iliingia katika pikipiki mwaka 1946 kwa injini ndogo ya cc 48 iliyofungwa kwenye baiskeli ya kawaida. Kwa mlio wake iliitwa Cucciolo, yaani kitoto cha mbwa. Mwaka 1947 ilikwisha kushinda mbio za Viareggio.

Mpakani kwetu Busia nako baiskeli ndiyo iliyotangulia, ila mbio zake zilikuwa za tumbo. Katika miaka ya 1960 na 1970, lango la Uganda na lango la Kenya yalitenganishwa na zaidi ya nusu maili. Gari lilihitaji hati ili livuke, baiskeli haikuhitaji. Vijana wakabeba abiria huku wakinadi, "Boda! Boda!" Kazi hiyo ikaenea upesi hadi Malaba, karibu na Tororo.

Sisi tuliokabidhiwa ulinzi twajua ugumu wake: njia iliyomfaa mama mwenye kapu la samaki ilimfaa pia mwenye kahawa ya magendo. Aliyestahili kupekuliwa ni mzigo, si baiskeli iliyolisha watoto.

Injini ilifika miaka ya 1990, nayo haikutoka Bologna. Ilitoka Japani, kisha India.