MASHINE INA MASIKIO, MACHO NI YAKO

Siku hizi wachimbaji wadogo wengi wanatafuta dhahabu kwa detekta. Hii ni mashine ya kutambua madini ardhini. Ukipitisha sahani yake juu ya kipande cha dhahabu, inalia. Lakini hata juu ya msumari inalia!

Wengi wanaikodi, wanazunguka porini kutwa, jioni wanarudi na vifuniko vya soda. Pesa imekwenda, na jembe limelala. Kosa ni nini? Hawakuchagua mahali.

1. Anza palipotoka dhahabu zamani. Kule Chunya watu walichimba dhahabu ya mitoni tangu miaka ya 1920. Walipochekecha mchanga, mara nyingine kipande kikubwa kilitupwa pamoja na mawe. Basi pima marundo ya kokoto kando ya mashimo ya zamani. Usiingie ndani ya mashimo hayo. Yanabomoka.

2. Fuata njia ya maji. Dhahabu ni nzito kama mara saba kuliko jiwe la kawaida. Maji yenye nguvu huibeba, yakipunguza mwendo huiacha. Pima upande wa ndani wa kona ya mto, nyuma ya mawe makubwa, na kwenye nyufa za mwamba. Mto uliokauka usiupite. Ukiona mawe ya mviringo mahali pakavu, huenda maji yalipita hapo zamani.

3. Tazama mawe meupe magumu, yaani kwatzi, hasa yenye kutu nyekundu. Si yote yana dhahabu. Ila kama eneo lina dhahabu, pima mteremko ulio chini yake, maana mvua huteremsha vipande.

Penye nyumba na kambi za zamani utasumbuliwa na vyuma. Makaburini usiguse kabisa.

Tena jua hili: vumbi la dhahabu mashine haisikii. Inasikia vipande.

Kabla ya kupima, mwone mwenye leseni na mwenye shamba. Patana nao mgawo. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika, basi andikeni, kila mtu atie sahihi. Maneno ya mdomo husahaulika dhahabu ikionekana! Ukipata, uza kwenye soko la madini la serikali. Chunya lipo tangu 2019. Na kila shimo ulifukie, asije akatumbukia mtoto au ng'ombe.

Mjadiliane:
1. Kwa nini dhahabu hubaki kwenye kona ya mto?
2. Mapatano yenu yataje mambo gani?