Bula Matari: namna Crawford Young alieleza kuanguka kwa serikali ya Mobutu

Wengi husema inchi ya Zaïre iliharibiwa na mtu mmoja, Marshali Mobutu. Crawford Young, mtaalamu wa siasa kutoka Marekani aliyefariki mwaka 2020, alitafuta mzizi wa shida mbali zaidi.

Young alikuwa profesa kwenye chuo kikuu cha Wisconsin, na aliandika juu ya Congo tangu miaka ya 1960. Kati ya 1973 na 1975 alifanya kazi Lubumbashi, akiwa mkuu wa fakulte ya sayansi za jamii. Ni wakati huo, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza Zaïrianisation. Maduka na mashamba ya wageni yalinyang'anywa, mengi yakapewa watu wa karibu na utawala. Wengi wao waliuza mali waliyoikuta bila kununua ingine, na maduka yakabaki matupu. Mwaka 1974 bei ya shaba nayo ikaanguka.

Mwaka 1985, Young na mwenzake Thomas Turner walitoa kitabu juu ya kupanda na kushuka kwa serikali ya Zaïre. Kwao, Mobutu alirithi chombo cha kikoloni ambacho Wakongomani walikiita Bula Matari, maana yake mvunja mawe, jina alilopewa kwanza Stanley. Chombo hicho kilijengwa ili kuamuru na kukusanya, si kusikiliza raia. Chini ya Wabelgiji, sheria ya 1917 ililazimisha wanakijiji kulima mazao kama pamba hadi siku 60 kwa mwaka.

Mobutu alifuta majina ya kikoloni, lakini fimbo ilibaki ile ile. Kila raia alihesabiwa kuwa memba wa chama cha MPR tangu kuzaliwa, na kazi ya shuruti ikarudi kwa jina la Salongo.

Young alionyesha kwamba kuogopwa si kuwa na uwezo. Serikali iliweza kujaza watu uwanjani kwa kumshangilia kiongozi, lakini ilishindwa kutengeneza barabara na kulipa walimu. Askari asiyelipwa alijilipa kwa raia. Hivyo serikali ilipoteza uwezo wake, unyofu wake na imani ya watu.

Mobutu alianguka Mei 1997. Lakini kwa mkaaji wa Goma, Bukavu ao Bunia anayelipa kwenye kizuizi bila kupata risiti, swali la Young lingali wazi: je, ni kiongozi tu aliyebadilishwa, ao na Bula Matari mwenyewe?